Mwenye Kuulizwa Shauri Amebeba Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji, katika miji yetu hii ya pwani, mtu akifikwa na jambo zito, aghalabu hapigi hodi kwanza kwa daktari wala kwa wakili. Humwendea mtu amwaminiye: imamu wa msikiti wake, maalim aliyemsomesha chuoni, shangazi yake, somo yake, au mzee wa mtaa. Kila mmoja katika hawa ni mshauri, apende asipende, wala hakuna aliyemwuliza kwanza kama amejifunza kazi hiyo. Leo twataka kueleza ni nini kazi ya ushauri, ni nani aifaaye, na vipi mtu hujifunza mpaka akaweza kuwasaidia wenzake katika mitihani ya maisha bila ya kuwadhuru. Nasi tutaanza kwa kosa letu wenyewe, kwani mwenye kufundisha huanza kwa nafsi yake.

Miaka kadha iliyopita, baada ya sala ya Laasiri, alitujia mama mmoja nje ya mlango wa msikiti. Akasema, "Sheikh, nina neno nawe." Akaanza kutueleza kuwa mwanawe wa kiume ametumbukia katika unga, yaani heroini. Hakupata kusema maneno mengi, kwani sisi tulikwisha jua, kwa madai yetu, alilolitaka. Tukamweleza wajibu wa wazazi, tukamtajia madhara ya ulevi, tukamkumbusha watoto walioharibika kwa kudekezwa, kisha tukamwambia asubiri na azidishe dua. Yote tuliyoyasema yalikuwa kweli. Akasema, "Ahsante, Sheikh," akajitanda buibui lake, akaenda zake. Nasi tukarudi ndani tukidhani tumetenda wema.

Ilipopita miezi tulikutana naye matangani, akatwambia kwa upole, "Sheikh, siku ile sikuja kuuliza mambo ya malezi. Mwanangu alikuwa amejifungia chumbani tangu usiku, simsikii kuitika, nami naogopa kuufungua mlango peke yangu. Nilitaka mtu wa kunifuata nyumbani." Hatukuwa na la kusema. Tukamwuliza ni nani basi aliyemfuata. Akasema ni jirani yake, mwanamke muuza mahamri, asiyejua kusoma ila sura anazosalia. Yeye alimwona anapita, akamwuliza, "Mwenzangu, una nini leo?" kisha akanyamaza akangoja. Alipokwisha sikia, aliepua karai lake la mafuta, wakaenda pamoja, wakauvunja mlango, wakamkimbiza kijana hospitali naye yu mahututi. Mungu akamjaalia uhai, na hata leo yu hai.

Mama huyo tumemwomba ruhusa kabla ya kukiandika kisa hiki, naye ameturuhusu kwa sharti tusiutaje mtaa wala jina. Tangu siku ile tumejua kuwa kuzijua hukumu za fikihi ni ilimu moja, na kumsaidia mwenye dhiki ni ilimu nyengine. Ya pili hii tukaanza kuitafuta, katika vitabu vya wanavyuoni wetu na kwa wenye kuisomesha siku hizi, tukaketi darasani pamoja na vijana waliokuwa umri wa wanafunzi wetu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

KWANZA: MAANA YA NASAHA

Neno "nasaha" tumelitoa katika Kiarabu, nalo asili yake ina maana mbili. Moja ni kusafisha, kama asali inayochujwa mpaka ikatoka nta yake yote. Ya pili ni kushona, hata fundi wa cherehani huitwa kwa neno la asili hiyo hiyo. Basi mwenye kunasihi ni mtu mwenye nia iliyochujwa, asiyetaka kwa mwenzake ila kheri. Na kazi yake ni kuunga kilichoraruka. Na fundi mwema hashiki sindano kabla ya kuitandaza nguo na kutazama palipochanika. Sisi siku ile tulishika sindano tukashona, na nguo hatukuiona.

Yataka pia tupambanue mambo manne ambayo watu huyachanganya. Mufti huulizwa hukumu ya sharia, naye hujibu kwa dalili. Kadhi huletewa ugomvi, naye huamua baina ya wawili. Mwenye kutoa mawaidha husema na watu wote kwa pamoja, akawakumbusha wajibu wao. Ama mshauri huketi na mtu mmoja, au mke na mume, akamsaidia kuiona shida yake ilivyo, na kuzitambua njia zilizo mbele yake, ili achague mwenyewe akiwa na akili iliyotulia. Mtu mmoja aweza kuzifanya kazi zote nne, lakini hawezi kuzifanya zote kwa wakati mmoja. Mwenye kuja kulia akapewa hukumu, ni kama mwenye kiu aliyepewa mkate: mkate ni neema, lakini kiu yake iko pale pale.

PILI: MIFANO KATIKA MWENENDO WA MTUME (S.A.W.)

Imam Ahmad amepokea kwa Abu Umama khabari ya kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akamwomba, mbele ya watu, ruhusa ya kuzini. Waliokuwapo wakamkemea. Mtume (s.a.w.) yeye alimwita amkaribie, akamketisha, akamwuliza kama angependa jambo hilo litendwe kwa mamake, kisha kwa bintiye, kwa ndugu yake, kwa shangazi yake na kwa khalati yake. Kila mara kijana akijibu kuwa hapendi. Kisha akamwekea mkono wake, akamwombea dua. Tazameni mpango wake: kukaribisha, kuketisha, kuuliza, kungoja jibu, na mwisho dua. Sisi wengi wetu huanza kwa kemeo tukaishia hapo hapo.

Khabari ya pili ni ya Khawla binti Thaalaba, ambaye Suratul Mujadila iliteremka kwa ajili ya shitaka lake. Mumewe alimfanyia dhihari, kiapo cha kijahiliya kilichomwacha mwanamke si mke wala si mwachwa. Alikuja akajadiliana na Mtume (s.a.w.), akarudia maneno yake, asinyamazishwe. Mwenyezi Mungu akatubainishia kuwa ameyasikia maneno ya mwanamke huyo. Basi ikiwa Mola wa mbingu saba amesikiliza shitaka la mke juu ya mumewe, ni nani sisi tunaosema, "Mama, rudi kwako usubiri," naye hajamaliza kusema?

Khabari ya tatu imo katika Sahihi Bukhari. Barira alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, akakhiyarishwa kukaa na mumewe Mughith au kuachana naye, naye akakhiari kuachana. Mughith akawa akimfuata njiani akilia mpaka machozi yakatiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni kuombea tu. Akasema hana haja naye, na Mtume (s.a.w.) hakumlazimisha wala hakumlaumu. Ikiwa shauri la Mtume mwenyewe lilikuwa laweza kukataliwa na mwanamke aliyetoka utumwani jana, basi shauri letu sisi lisifanywe kuwa amri.

Ya nne ni ya kuogofya. Abu Daud amepokea kuwa mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa na jiwe, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama yafaa atayamamu. Wakamwambia hapana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari alighadhibika, akawahesabu waliomjibu kuwa ndio waliomwua, akafundisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walikosa ilimu, wakaona haya kusema "hatujui", na mwenzao akafa. Khabari hii yafaa kukumbukwa na kila mwenye kuketi penye watu wanaomwuliza.

TATU: MASHARTI YA MSHAURI

La kwanza ni siri. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mwenye kuulizwa shauri amewekewa amana. Siri ya mtu haifai kupelekwa barazani penye kahawa, wala kwa mkeo nyumbani, wala kutiwa katika mawaidha ya Ijumaa kwa kuficha jina tu na hali kila mtu amemtambua mwenyewe. Twajua nyumba zilizovunjika kwa mfano uliotolewa mimbarini. Lakini siri ina mpaka wake: ikiwa uhai wa mtu u khatarini, au mtoto anadhulumiwa, haifai kunyamaza. Mpaka huu mshauri auseme mwanzo, kabla mtu hajafungua moyo wake, ili asije akaona amekhiniwa.

La pili ni kusikiliza. Kusikiliza si kungoja zamu yako ya kusema. Ni kumtazama mtu kwa adabu, kumwacha amalize, kisha kumrudishia kwa ufupi ulivyofahamu: "Kama nimekufahamu, wasema hivi na hivi, ndivyo?" Wahenga wamesema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe hukulala kaburini humo, muulize aliyelala.

La tatu ni kutomdharau mtu. Yule umwitaye teja ni mwana wa mtu, na jina lake ulisikia akiitwa chuoni. Dhambi twaichukia, na mwenye kuja na dhambi yake twampokea. Kwani akikimbia kwetu atakimbilia kwa nani?

La nne ni kumwachia mtu khiyari yake, kama tulivyoona kwa Barira. Kazi ya mshauri ni kumulika njia. Anayekwenda ni mwenyewe, na atakayeulizwa Siku ya Malipo ni mwenyewe.

La tano ni kujihifadhi na tamaa na fitina. Mshauri mwanamume asikae faragha na mwanamke; mlango uwe wazi, au awepo maharimu wake, au, lililo bora, mwanamke ashauriwe na mwanamke mwenzake. Na kwa hili twawalaumu wanaume wenzetu: twawakataza wanawake kutuendea faraghani, na wakati huo huo hatuwasomeshi mabinti zetu wakawa washauri. Basi waende wapi? Ama ujira, mwenye kuifanya kazi hii kuwa ndiyo chumo lake, si haramu kwake kulipwa, kama alipwavyo tabibu na mwalimu, maadamu ameutaja wazi tangu mwanzo. Lililo haramu ni kuuza khofu: kumwambia mtu amerogwa na shemejiye, kisha kumtoza fedha, kuku na ubani wa kuyaondoa uliyoyazua wewe mwenyewe.

La sita ni kukiri mpaka wa ilimu yako. Neno "sijui, lakini nitakupeleka kwa ajuaye" ni nusu ya kazi hii.

NNE: NAMNA YA KUKETI NA MWENYE SHIDA

Mtu akikujia, kwanza tazama kama wakati na mahali pafaa. Ukiwa una haraka, mwambie, "Neno lako nalitaka kwa utulivu, njoo baada ya Isha, au nikufuate." Lakini muulize jambo moja kabla hajaondoka: "Je, laweza kungoja?" Lau sisi tungemwuliza yule mama neno hili moja tu, angetwambia habari ya mlango uliofungwa.

Pili, uliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au la. Usiseme, "Mumeo akupiga?" kabla ya kusema, "Nieleze mambo yalivyo nyumbani." Tena usiulize kwa kutaka kujua yasiyokuhusu, uliza yale tu yatakayomfaa yeye.

Tatu, usikimbie machozi. Wengi wetu mtu akilia humwambia, "Nyamaza, jikaze, hiyo ni dalili ya udhaifu wa imani." Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, naye ni Nabii mwenye subira njema. Mtume wetu (s.a.w.) alimlilia mwanawe Ibrahim alipofariki. Huzuni haiipunguzi imani. Kaa naye, mpe maji, ngoja.

Nne, lijue neno "subira" kabla ya kulitumia. Subira ni kujizuia na manung'uniko kwa yale aliyoyakadiria Mwenyezi Mungu, kama maradhi na msiba, huku mtu akishika sababu za kujinusuru. Kumwamuru aliyepigwa akavunjwa mkono arudi apigwe tena, hilo ni kumsaidia mwenye kudhulumu, na Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa mkono wake. Katika nchi yetu ya Kenya kuna sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri ya nyumbani, nayo yamwezesha mwenye kudhulumiwa kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Mshauri aijue, na amweleze anayemjia. Kusema jambo hilo si kuvunja nyumba. Nyumba aliyeivunja ni aliyeinua fimbo.

Tano, ukimwona mtu amekata tamaa ya maisha, muulize wazi, "Je, umefikiri kujiua?" Watu huogopa swali hili wakidhani litamtia fikira ambayo hakuwa nayo. Wataalamu wa kazi hii wamekubaliana kuwa haliwi hivyo. Aghalabu humpumzisha mtu, kwani amempata wa kumwambia. Akikubali, usianze kumtajia Moto. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye dawa, kamba na sumu, kisha mfikishe hospitali. Na jamaa wasifiche kwa kuogopa gereza: mwezi wa Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha sheria za jinai, kilichokuwa kikimwadhibu aliyejaribu kujiua, chapingana na Katiba. Kitendo chenyewe ni haramu katika dini yetu bila shaka. Lakini aliye ukingoni mwa shimo huvutwa mkono kwanza, akasomeshwa baadaye.

Sita, mwisho wa mazungumzo msiagane hivi hivi. Muulize, "Kesho asubuhi utaanza na lipi?" Na lipi hilo liwe dogo lenye kuwezekana. Kisha mwekeane siku ya kuonana tena, nawe usiivunje ahadi.

TANO: YAPI SI YA MSHAURI

Kuna shida ambazo mazungumzo peke yake hayazitoshi. Wanavyuoni wetu walilijua hili zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na siha ya nafsi kwa pamoja. Humo aliigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na isiyojulikana sababu yake, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili, akasema yataka tiba ya mwili. Alishauri pia mtu ajiwekee fikira njema wakati wa salama, ili azikute tayari siku ya khofu na ghadhabu, kama mtu awekavyo dawa nyumbani kabla ya kuugua. Na mwaka 1284 Sultani Qalawun alijenga Kairo hospitali kubwa iliyowapokea na wenye maradhi ya akili, wakatibiwa pamoja na wagonjwa wengine.

Basi ni aibu iliyoje, umma uliokuwa na hospitali hizo, leo mtu wake akisikia sauti zisizosikiwa na wengine hufungwa kamba, akafukizwa moshi, akapigwa bakora mpaka akatoka damu, ati apungwe pepo! Sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Kurani imewataja. Lakini kuwapo kwao si dalili kuwa kila mgonjwa ni wao waliomshika. Msomeeni Kurani mgonjwa wenu, na mkono wa pili umpeleke kwa daktari. Hapa Mombasa pana hospitali ya Port Reitz yenye sehemu ya maradhi ya akili, na pana hospitali kuu ya mkoa wa zamani wa Pwani. Kwa walionaswa na unga, tangu mwaka 2015 Malindi ilifunguliwa kliniki ya kuwapa methadoni, dawa inyweshwayo kila siku mbele ya muuguzi, ikapunguza ile kiu ya unga hata mtu akaweza kula, kulala na kufanya kazi. Wapo wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Aliyemwona mwanawe akirudi kwenye sofu ya sala kwa sababu yake hasemi hivyo.

Mtoto aliyedhulumiwa, kuna simu ya bure ya 116. Na aliyepatwa na jeuri ya nyumbani au ya kuingiliwa kwa nguvu, kuna 1195. Mambo ya talaka, mirathi na nafaka ya mke yana kadhi wake. Mshauri mwema huwa na orodha hii mfukoni, na hamwambii mtu "nenda" ikiwa aweza kumwambia "twende".

SITA: NJIA YA KUJIFUNZA

Huenda mtu akauliza, "Je, ilimu hii si ya Wazungu?" Ni kweli kuwa mengi yasomwayo vyuoni leo yaliandikwa huko. Carl Rogers wa Marekani alitoa mwaka 1942 kitabu alichosisitiza ndani yake kuwa mshauri asimwendeshe mtu kama mkokoteni, bali amsikilize kwa heshima mpaka mwenyewe aione njia. Maneno haya hayatutishi, kwani tumeyaona kwa Mtume wetu na yule kijana, karne kumi na tatu kabla yake. Na Malik Badri wa Sudani, aliyefariki mwaka 2021, aliandika mwaka 1979 kitabu cha kuwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasimeze kila kitu bila ya kutafuna. Wachukue lililo sahihi, waache linalopingana na dini yao. Hiyo ndiyo njia ya katikati: hatukatai kwa kuwa limetoka ng'ambo, wala hatupokei kwa kuwa limetoka ng'ambo.

Kwa mwenye kutaka kuifanya kazi hii kuwa ndiyo kazi yake, ajue kuwa Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya washauri na wanasaikolojia, yenye kutaka wasome, kisha waandikishwe na Bodi yao. Asome cheti au diploma ya ushauri nasaha, na katika masomo hayo aketi na wenye shida chini ya uangalizi wa aliyemtangulia. Haitoshi kusoma kitabu, kama isivyotosha kusoma kitabu cha kuogelea kisha ukajitupa Kilindini.

Na hata aliyehitimu hufanya kazi akiwa na mshauri wake mwenyewe wa kumweleza yanayomlemea, pasina kutaja majina. Mwenye kupokea huzuni za watu kila siku asipopata pa kuzitua, atakuwa mkali nyumbani, au atakuwa mkavu wa moyo, au ataugua. Kisima kisichoingia maji hukauka.

Ama sisi wengine, maimamu, maalimu na wazee wa mitaa, ambao hatutakwenda chuo cha diploma, hatuna udhuru wa kutojifunza misingi. Lau kila msikiti ungekuwa na wanaume wawili na wanawake wawili waliofundishwa kusikiliza, kutunza siri na kujua wa kumpeleka wapi, wangapi wasingaliangamia nyuma ya milango iliyofungwa!

KHATIMA

Ndugu zetu, twarudi kwa yule muuza mahamri. Hakuwa na kilemba wala hati ya chuo. Alikuwa na swali moja, akawa na subira ya kungoja jibu, na akawa tayari kuliacha karai lake. Ilimu tuliyoieleza hapa yote ni kuyakuza mambo hayo matatu, na kuyatilia maarifa yasije yakapotea njia. Twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie wale tuliowajibu kabla ya kuwasikia, na atupe masikio kabla ya ndimi.

MASWALI YA KUKUMBUSHANA

1. Ni ipi tafauti ya mufti, kadhi, mwenye kutoa mawaidha na mshauri?
2. Mtume (s.a.w.) alifanya mambo gani kwa taratibu alipojiwa na kijana aliyetaka ruhusa ya zinaa?
3. Siri ya mtu yafaa kufichuliwa lini, na mshauri aliseme lini jambo hilo?
4. Ni ipi tafauti ya subira na kuikubali dhuluma?
5. Katika mtaa wako, mwenye shida usiku wa leo atamwendea nani? Na huyo, je, amefundishwa?

Swali la tano halijibiwi kwa kalamu. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.